Mgeni Asiyepiga Hodi

Kitendawili! Sema "tega", hata kama uko peke yako, usione haya.

Nina mgeni. Hagongi mlango wala havui viatu. Anaingia mpaka chumbani kwa mwenye nyumba, anakaa apendavyo, na tangu aanze kuja hakuna jicho lililowahi kumwona. Ni nani?

Ngoja, usijibu. Najua jibu unalo kwenye ncha ya ulimi. Libakize hapo hapo, tutalihitaji.

Kitendawili hiki kilitegwa Tabora, na Bi Nyanzala nyumbani kwake, jioni aliyoletwa mkwe, na aliyetegewa hakujibu wala hakutoa mji. Kanuni unaijua: ukishindwa unatoa mji, mtegaji anautembelea, anakula na kunywa huko kwa maneno, kisha anakufumbulia. Kabula, bibi harusi, hakusema Nzega wala Urambo. Aliinamisha kichwa ndani ya shela akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mke ndiye huyu! Hana mdomo!" Kitendawili kikabaki kinaning'inia pale sebuleni kama mzinga usio na nyuki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya warina asali, na Bi Nyanzala alikuwa kipofu. Nyumba ya kipofu ina sheria yake: kitu hakihami bila kutangazwa. Ukisogeza kigoda unasema, "Mama, kigoda kiko dirishani." Ukitua ndoo unasema. Hata paka akitaka kulala kizingitini, Bi Nyanzala alikuwa akisema, na alie kwanza.

Sasa ichukue sheria hiyo uiweke mbele ya binti yake, Limi. Ilipopita homa ya ukimya, ile iliyokausha makoo ya vijana kutoka Kigoma mpaka Singida, Limi alikuwa msichana mbichi. Homa ilimwachia kila kitu isipokuwa sauti. Mama hana macho, mtoto hana sauti: mko nyumba moja na mmepoteana. Wakatunga makofi. Mawili, nipo hapa. Moja, simama. Lakini kofi halina habari. Kofi haliwezi kusema, "Mama, nimeota vibaya." Na mikono ikiwa imebeba kitu, ndiyo kabisa, binti hayupo duniani. Miaka ile Bi Nyanzala alizunguka vyumba akipapasa kuta na kuita, na Limi yuko nyuma yake na beseni mikononi, machozi yanamtiririka.

Ndipo yakaja mambo ya mbegu. Kampuni ya Koo Jipya ilipanda kooni punje ndogo kama ya ulezi. Punje ilisikiliza misuli ya koo na ulimi, ikajua mtu anataka kusema nini, na mnara wa kilimani ukailetea sauti ya kusemea. Sauti zenyewe zilikuwa za watu mashuhuri waliojifungia vyumbani wakasema na kuimba kila namna ya neno mpaka ghala likajaa. Ukienda dukani unachagua. Wanaume wengi walichukua ya mtangazaji mmoja wa mpira, basi ukiingia sokoni utadhani kila muuza nyanya anashangilia goli. Wanawake walimchagua Malkia Ninga.

Ninga! Ilikuwa haichezwi harusi bila yeye. Sauti tamu yenye mkwaruzo mdogo chini yake, kama asali iliyobaki na chembe za nta. Siku punje ya Limi ilipoamka, neno la kwanza lilikuwa "mama". Bi Nyanzala alimshika koo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga, akasema, "Sema tena." Alimsemesha mpaka jogoo wakawika.

Kwa hiyo siku ya harusi ya kaka yake Mihayo, Limi ndiye aliyefunua shela, kama wifi mkubwa anavyostahili. Akamwambia bibi harusi yale maneno ya Ninga ya jukwaani, yaliyokuwa midomoni mwa nchi nzima: "Inua kidevu, mwanangu, dunia ikuone."

Kabula alianguka. Wanawake wakacheka kwa furaha. Mwali ana haya, mwali kafundwa akafundika!

Tangu hapo, Limi akiingia jikoni, Kabula anatoka. Limi akisema, Kabula anaangusha sahani. Limi alimpelekea kitenge, akampelekea asali ya miombo iliyo safi kuliko zote, wapi. Majirani wakasema mawifi ni mawifi tu, tangu lini wakapikika chungu kimoja. Shingoni Kabula hakuvua kitambaa, hata jua linapopasua mawe, nako akasifiwa: mke wa sitara. Na Bi Nyanzala, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko ya sungura, alimwambia Limi kwa fahari, "Unajua mwenzio akikusikia tu anabana pumzi? Adabu hiyo. Siku hizi nani anambania wifi yake pumzi?"

*

Habari ilifika mchana, watu wakikamua masega.

Ukuta wa sebuleni ulikuwa umewashwa kama kawaida, unajisemea mwenyewe mambo ya mvua na bei za nauli ya treni, hakuna anayeusikiliza. Mihayo ndiye aliyesimama kwanza, mikono imejaa asali mpaka viwiko.

"Dada. Hebu njoo uone."

Ukutani alikuwepo Malkia Ninga, anashuka ngazi ya mahakama na kanga kichwani. Halafu wakaletwa wasichana, nyuso zimefichwa, mmoja baada ya mwingine. Wote walipitia Kiota, ile shule ya Ninga ya kuwafundisha uimbaji watoto yatima, ambayo nchi nzima iliichangia na kuisifu. Walisema jambo moja kwa midomo mbalimbali. Mtoto akikosea sauti, Ninga hakugomba. Alikuja akitabasamu, akamwambia ainue kidevu. Na akishainua, kijiko kilichotoka motoni kiliwekwa pale chini ya kidevu, ili asikishushe tena maishani.

"Haiwezekani," Limi alisema. "Mihayo, haiwezekani. Hawa wametumwa."

Mihayo alifuta mikono kwenye suruali bila kujua anachofanya. "Watumwe na nani, dada? Mbona ni wengi hivyo?"

Msichana wa mwisho alikuwa na ushahidi. Enzi hizo alificha kinasa sauti kwenye nywele, na ukuta ukakicheza. Ilisikika hatua ya kiatu. Kijiko kikagonga kitu. Kisha ile sauti, tamu, ya karibu, yenye nta ndani yake:

"Inua kidevu, mwanangu. Dunia ikuone."

Halafu mtoto akapiga ukelele.

Mlango wa uani ulifunguka kwa kishindo. Bi Nyanzala aliingia akipapasa hewa kwa mikono miwili, uso umemsawijika.

"Limi! Limi, unamfanya nini mtoto wa watu?"

Jamani. Limi alimwendea mama yake. Alifungua mdomo ajitetee, akasema, "Siyo mimi, mama," na sauti iliyotoka ni ile ile. Ile ile! Imetoka ukutani ikaingia kooni mwake kama mtu anayehama chumba. Bi Nyanzala akarudi nyuma hatua. Mama yake mzazi, akarudi nyuma.

"Ni ukuta, mama," Mihayo alisema upesi. "Ni Ninga kwenye ukuta. Dada hajamgusa mtu."

"Mbona ni yeye?"

"Ndiyo sauti yenyewe, mama. Ndiyo hiyo aliyonunua."

Limi hakuwa anawasikia tena. Alikuwa anamtazama wifi yake. Kabula alikuwa amesimama kwenye kona karibu na mapipa, mgongo umebana ukuta, mikono imenyooka ubavuni kama mtoto wa gwaride. Macho ameyafumba. Na kidevu amekiinua. Ameambiwa ainue kidevu, naye ameinua, bila kuulizwa na mtu na bila kujua. Kile kitambaa kilikuwa kimeteleza. Chini ya kidevu palikuwa na kovu la duara, linang'aa, kubwa kama tumbo la kijiko.

Mihayo alilijua kovu lile. Aliambiwa ni uji wa moto, utotoni.

"Mbona kimya?" Bi Nyanzala aliuliza. "Mnajua mimi sioni. Kuna nini? Nani ananieleza?"

Mihayo hakuweza. Limi, mwenye wajibu wa kumtangazia mama kila kigoda na kila ndoo, aliziba mdomo kwa viganja vyake viwili. Aliyesema ni Kabula, kwa mnong'ono mkavu, kidevu bado kiko juu.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa Kiota."

*

Kesho yake mji ulikuwa kama umefiwa na mtu ambaye watu hawajui wamlilie au wamtukane. Sokoni nyimbo za Ninga zilishushwa mapema asubuhi. Wenye vibanda walifuta picha zake kwa chokaa, na chokaa ikawa nyepesi, tabasamu likabaki linachungulia. Fundi mmoja wa muziki wa harusi alikaa kwenye ngazi ya kibanda chake akauliza wapita njia, "Sasa watu wataolewa kwa wimbo gani?" Mwanamke mmoja akamjibu, "Kwa wimbo wa kuku, mradi asiwe amemchoma mtoto." Hakuna aliyecheka.

Mtu wa Tume, ile iliyoundwa kuamua kazi za Ninga zifanywe nini, alipobisha hodi kwa Bi Nyanzala wiki moja baadaye na orodha ya watoto wa Kiota mkononi, alikuwa mwanamke wa Kizaramo, Bi Mwanaheri, mwenye kiatu cha kugonga na kifua cha kukohoa.

"Mtani," Bi Nyanzala alisema alipoisikia lafudhi yake, maana utani hauna likizo. "Nani kakuruhusu kupita Morogoro bila kulipa kwetu mbuzi?"

"Mbuzi mmemla wenyewe, Wanyamwezi, mkasingizia fisi." Bi Mwanaheri alikaa, akapumua. "Lakini leo sikuja kwa utani, mama."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa mayai. Nyimbo kuziondoa madukani ni kazi rahisi: wimbo ukishushwa rafuni haulii, na angalau pesa haimwendei mkosaji. Ugomvi ulikuwa kwenye sauti zilizopandwa makooni. Hizo nazo ziliuzwa, hizo nazo ni kazi yake Ninga. Tume ililala siku kadhaa juu ya neno hilo moja. Mwisho ikaamua kwamba wasemaji wasiguswe, isipokuwa pale ambapo mmoja wa watoto wa Kiota anaishi mahali anapoisikia sauti hiyo kila siku. Hapo mnara utaifunga.

"Wampandie nyingine," Mihayo alisema. "Sauti ziko tele."

"Haiwezekani, baba. Nyama ya koo imeshaikumbatia punje, na mishipa imejifunza sauti hii moja kama mtoto anavyojifunza titi la mama yake. Ukileta nyingine koo linaitapika. Wachache sana wamebahatika. Wengine walitoka damu."

"Kwa hiyo dada yangu awe bubu kwa kosa la mtu mwingine? Mjenzi akigundulika mwizi, mnabomoa nyumba watu wakiwa ndani?"

"Na kisu kilichoua mtu," Bi Nyanzala alisema polepole, "hukirudishi jikoni kukatia mchicha."

"Hata kama ndicho kisu pekee mlicho nacho, mama?"

Mkono wa Bi Nyanzala ulitambaa mkekani ukimtafuta Limi, ukampata kifundoni, ukamshika.

Bi Mwanaheri akamgeukia Kabula, aliyekaa mlangoni mahali penye upepo, tayari kutoka. "Mwanangu, neno ni lako. Sheria haikulazimishi kusema kitu. Ukinyamaza, Tume itajua unaumia, na Ijumaa alasiri mnara utafunga. Ukitaka ibaki, useme kwa mdomo wako ibaki. Tufunge, tusifunge?"

Kabula alitazama vidole vyake.

"Tufunge, tusifunge?"

Kimya. Kimya kile kile kilichopigiwa vigelegele, leo kinaweza kumkata mtu koo.

Limi alitaka kusema. Alitaka kumwambia wifi yake kwamba angejua asingeichagua. Kwamba siku alipoinunua alikuwa msichana aliyetoka kuungua mguu jikoni bila kuweza kupiga kelele. Kwamba anamwomba radhi kwa ile siku ya shela. Lakini aseme kwa nini? Hata radhi ingetoka na sauti ya yule mwenye kijiko. Hata kilio. Ukimwonea mtu huruma kwa mdomo wa aliyemuumiza, huruma hiyo itafika ikiwa nini?

Akafunga mdomo. Alipomsindikiza Bi Mwanaheri mpaka barabarani alimuaga kwa kutikisa kichwa. Na tangu hapo Limi hakusema tena.

*

Mihayo ndiye aliyehangaika huku na huku. Alikwenda kwa dada yake chini ya paa la kukinga umande, mahali mitego inapokamua maji hewani, akamkuta anajaza ndoo.

"Dada, zungumza. Mpaka Ijumaa ni yako bado. Mama anazunguka kama zamani, humsikii?"

Limi alimnyooshea kidole kifuani, kisha akaelekeza kidole ndani kwa Kabula: wewe nenda kamuulize.

"Usinitume mimi. Mimi ni mume wa yule na ndugu yako wewe. Nikisema neno moja najikata mkono mmoja." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Nimelala naye kitanda kimoja, Limi. Uji wa moto! Nikaamini. Kila wimbo wa Ninga ukipigwa nilimwambia, mke wangu, njoo tucheze. Na alikuja. Alicheza."

Akalia pale, mwanaume mzima mwenye ndevu, na dada yake hakuwa na neno la kumpa, akampa maji.

Ndani, Bi Nyanzala alikuwa anapiga makofi mawili, anangoja. Limi akajibu mawili kutoka uani. Mama akapiga tena mawili. Akajibiwa. Ilikuwa kama watu wawili wanaogonga ukuta wa kaburi kutoka pande zote mbili. Mara Bi Nyanzala akasema kwa nguvu, hakuna ajuaye akimwambia nani, "Makofi haya niliyazika. Nani kayafukua?"

Kabula alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Aliyasikia yote. Hakutoka.

*

Ijumaa wakakamua masega mengine, wakayeyusha nta. Nyuki hawana habari na Tume. Masega yakishakamuliwa lazima yachemshwe siku ile ile, la sivyo nondo wanayamaliza.

Limi aliepua sufuria kubwa, nta inatokota juu ya maji, akaanza kuipeleka sebuleni kwenye meza ya kumiminia. Vishikio vikamchoma. Akaitua ushorobani, katikati ya njia, akakimbia kurudi jikoni kufuata matambara, na kwa kuwa ana haraka akabeba na beseni la masega kabisa. Sufuria imehama. Haikutangazwa. Tangu nyumba ile ijengwe jambo hilo lilikuwa halijatokea.

Alipogeuka na beseni mikononi, mama yake alikuwa ameshaingia ushorobani.

Bi Nyanzala alikuwa anatembea mwendo wake wa kujiamini, kidole kimoja kinasoma ukuta, mguu mtupu. Zimebaki hatua nne, tatu. Mikono ya Limi imejaa, kofi haliwezekani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Punje ikaamka kooni, akaihisi inavyojikunja tayari kutoa. Na wakati huo huo, ng'ambo ya sufuria, mlango wa chumba ukafunguka, Kabula akatokea, akamtazama usoni.

Limi alisita. Pumzi moja tu. Aliahidi nafsini mwake kwamba sauti ile haitamfikia tena mwanamke yule, na ahadi ikamkaba pumzi moja.

"MAMA! SIMAMA HAPO HAPO!"

Mguu wa Bi Nyanzala ukabaki hewani.

Ilikuwa sauti ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia. Nene, pana, imetoka tumboni, imejaza ushoroba mpaka mitungi ya asali ikaitikia. Sauti ya mtu aliyefundishwa kuimba, kwa njia aliyofundishwa.

"Rudisha mguu nyuma, mama. Hivyo. Sufuria ya nta ya moto iko mbele yako. Inatokota."

Bi Nyanzala alirudisha mguu. Akashika ukuta kwa mikono yote. "Nani huyo?"

"Kabula."

"Kumbe koo unalo, mkwe wangu." Alihema. Kisha uso wake ukageuka, ukatafuta. "Na Limi? Limi yuko wapi? Alikuwepo?"

Beseni lilikuwa limeshaanguka. Masega yametapakaa sakafuni. Limi angeweza kukaa kimya, na mama yake asingejua kamwe. Akapiga makofi mawili.

"Ulikuwepo." Bi Nyanzala alisema kama anayeonja kitu kichungu. "Uliniona?"

Makofi mawili. Taratibu.

Mama akakaa chini pale pale, mgongo ukutani. Hakugomba. Mihayo aliyekuja mbio alimkuta anasema na Kabula kwa sauti ndogo, kama watu walio peke yao. "Nilikusifia pumzi yako, mwanangu. Nikaitangaza mpaka kwa majirani, mkwe wangu ana adabu, anabana pumzi. Kumbe ulikuwa unazama. Wenye macho hawakuona, hiyo ni yao. Mimi nilisikia. Nilisikia kila siku, nikaita adabu."

Sebuleni ukuta ukalia. Bi Mwanaheri akatokea, nyuma yake mnara na mawingu.

"Hodi humo. Saa imefika, wapendwa. Kabula, mwanangu, sikusukumi. Ila lazima niulize kwa mara ya mwisho. Tufunge, tusifunge?"



Kabula aliruka sufuria, akaja akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake. Kitambaa hakuwa nacho shingoni. Aliuchukua mkono wa Bi Nyanzala akauweka pale chini ya kidevu, penye duara, akauacha usome.

"Mama," akasema, "lile fumbo lako la siku ya harusi. Mji sitoi."

"Usitoe."

"Mgeni asiyegonga. Ni sauti."

"Ni sauti," Bi Nyanzala alisema. Vidole vyake vikalizunguka kovu.

"Nililijua siku ile ile. Nilishindwa kulitaja." Kabula akainuka akaukabili ukuta wa sebuleni kupitia mlango ulio wazi. "Bi Mwanaheri, nyimbo zake zishuke, zisipande tena, hata mimi nikishakufa. Asile senti ya harusi ya mtu. Nikipita barabarani nisimkute ananisubiri kwenye kila kibanda. Hilo sina mjadala. Lakini wifi yangu si duka."

"Kwa hiyo tusifunge?"

"Ngoja. Sijamaliza."

Akamgeukia Limi. Ndiyo mara ya kwanza walitazamana bila mmoja kukimbia. Limi alikuwa amepiga magoti katikati ya masega, mikono imegandamana kwa asali.

"Yale maneno ya kidevu usiyaseme. Mbele yangu wala nyuma yangu."

Limi akaitikia kwa kichwa.

"Usiimbe. Labda siku moja, lakini sasa usiimbe. Na usiniingilie, wifi. Maisha yangu yote hiyo sauti inaniingilia chumbani. Ukitaka kusema mahali nilipo, piga hodi. Yale makofi yenu. Nikiitika, sema. Nisipoitika, basi siku hiyo sina nafasi, kaa na makofi yako, na mama nitamtangazia vitu mimi." Akaugeukia tena ukuta. "Bi Mwanaheri, acheni wazi. Nikichoka nitakwambia, na nikikwambia usiniulize kwa nini."

"Nimesikia," Bi Mwanaheri alisema, akazima ukuta kutoka upande wake, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mlango.

Mihayo alitaka kusema kitu. Mama yake akamvuta suruali: nyamaza.

Limi alifuta mikono kwenye kanga. Asali haikutoka yote. Akaileta mikono pamoja, makofi mawili, mazito ya kunatanata, akangoja pale alipo, magoti chini, macho sakafuni.

Kabula alisimama. Kidevu chake kilianza kupanda chenyewe, kama kilivyozoea. Akakishusha kwa mkono wake mwenyewe, akakishikilia hapo. Bi Nyanzala alitega sikio apate kusikia pumzi. Akaisikia ikiingia, ndefu, na safari hii haikubanwa. Ikatoka.

"Karibu," Kabula alisema.